Bia tungu ya Septemba: Ukichelewa siku tatu, tuonane mwaka ujao

Kuna bia moja kule Uingereza ambayo pesa pekee haitoshi kuipata. Unaweza kuwa na doh mfukoni, una kiu, na baa iko wazi mbele yako, lakini kama si msimu wake utapewa nyingine. Na hata msimu ukifika, pipa likishafunguliwa huwa na kama siku tatu tu za kuwa tamu. Ukichelewa hapo, basi.

Wenyewe huiita bia ya hopsi mbichi. Ni bia chungu ya pipa inayotengenezwa wakati wa mavuno ya hopsi na kunywewa Septemba na Oktoba, sanasana jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Mwaka jana nilikuwa Kent wiki tatu kwa dadangu, ambaye ni nesi huko. Yeye alikuwa na zamu za usiku, mimi jioni sina la kufanya, kwa hivyo niliamua kufuata pipa moja la bia hiyo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nusu painti kila jioni, jioni nne, baa ile ile, simu mkononi nikiandika kila ninachohisi mdomoni.

Nusu painti ni kama mililita 284. Nasema mapema ili mathe akisoma asishtuke. Na wewe ambaye hujafikisha miaka 18, ichukue hii kama somo la kilimo.

Ua linaloleta uchungu

Tuanze na hopsi yenyewe, manake bila hiyo hakuna stori. Hopsi ni mmea unaotambaa. Hupanda kwenye kamba zilizofungwa juu ya nguzo hadi ukafika mita tano au sita, halafu majira ya baridi yakija unakauka wote juu na kuanza upya kutoka mizizini. Kinachotakiwa ni maua ya mmea wa kike: vijikoni vya kijani, vyepesi, vyenye ukubwa wa kidole gumba. Ukipasua kimoja katikati unakuta unga wa manjano unaonata. Unga huo ndio wenye kazi yote. Una asidi zinazotoa uchungu zikichemshwa, una mafuta yanayotoa harufu, na pia husaidia bia isiharibike upesi.

Kwa kawaida hopsi ikivunwa hukaushwa haraka, kwa sababu karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji na haikawii kuoza. Kent imejaa majengo ya zamani ya kukaushia hopsi, yenye paa lililochongoka kama kofia ya mchawi wa kwenye katuni. Mengi siku hizi yamegeuzwa nyumba za watu. Ikishakauka, hopsi husafirishwa popote na kutumika mwaka mzima. Hata bia zetu hapa hutegemea hopsi ya kutoka nje, ingawa shayiri tunalima wenyewe kule Narok na Timau.

Bia ya hopsi mbichi inaruka hatua hiyo ya kukausha. Maua yanatolewa shambani na kukimbizwa mtamboni, na kwa kawaida ndani ya saa 24 yashaingia sufuriani. Kwa kuwa yamejaa maji, unahitaji uzito mara tano au zaidi ya ule wa hopsi kavu. Ndiyo maana huwezi kuitengeneza mwezi wa tatu, wala huwezi kuitengeneza mbali na shamba. Fikiria mahindi mabichi yaliyovunjwa asubuhi na kuchomwa jioni, halafu fikiria mahindi ya gunia. Yote ni mahindi, lakini hakuna mtu anaweza kukuuzia moja akidai ni lingine.

Zamani, kabla mashine hazijachukua kazi hiyo miaka ya 1950 na 1960, hopsi ilichumwa kwa mikono. Maelfu ya familia kutoka mashariki mwa London, sanasana kina mama na watoto, walipanda treni kila Septemba kwenda Kent na kulala kwenye vibanda vya shambani hadi mavuno yaishe. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa likizo pekee ya mwaka. Mwandishi George Orwell alienda kuchuma mwaka 1931 na akaandika vile malipo yalivyokuwa duni. Kama umelelewa Kericho au Limuru, hadithi hiyo huhitaji kuelezwa mara mbili.

Pipa si kegi

Hapa kwetu kegi tunaijua vizuri. Senator ilipoingia sokoni mwaka 2004 lengo lilikuwa kuwapa watu bia ya bei nafuu waachane na pombe haramu, na mpaka leo unaipata mitaani kwa jagi. Bia ya kegi imechujwa, hamira imeondolewa au kuuawa kwa joto, na gesi ya mtungi ndiyo inaisukuma hadi bombani. Hiyo ni bia iliyolala. Itakaa wiki kadhaa bila kelele.

Pipa la Mwingereza nalo siku hizi mara nyingi ni la chuma, kwa hivyo sura isikudanganye. Tofauti iko ndani. Bia haijachujwa wala kupashwa joto la kuua vijidudu. Inaingia pipani na hamira hai, na hamira hiyo inaendelea kula sukari iliyobaki na kutoa gesi polepole. Kwa maneno mengine, bia inamalizia kuiva ikiwa tayari iko kwenye baa. Mtengenezaji anafanya kazi yake hadi mahali fulani, halafu anamwachia mwenye baa amalize.

Baa niliyokuwa nikienda ni ya mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Siku ya kwanza aliponiona naandika kwenye simu aliniuliza kama mimi ni mkaguzi wa kaunti. Nilipomweleza, alicheka, akanishusha ngazi nyembamba hadi chumba cha chini ya ardhi anakoweka mapipa.

Kuna baridi ya wastani huko, kama nyuzi 12. Pipa limelazwa kwa ubavu na kukazwa lisitikisike. Juu yake kuna kitundu kilichozibwa kwa kigingi cha mti laini, na kupitia hapo bia inapumua gesi iliyozidi. Ikishapumua vya kutosha, anachomeka kigingi kigumu kisichopitisha hewa. Halafu anangoja siku moja au mbili ili hamira izame chini. Ukilitingisha pipa wakati huo, unaweza kuuza matope.

Kinachosaidia hamira kuzama nilikuwa sikijui: kibofu cha samaki. Kinakaushwa, kinasagwa, kinayeyushwa na kutiwa pipani, kinakusanya hamira na kushuka nayo. Ni kitu cha jamii ile ile ya vibofu vya mbuta wa Ziwa Victoria, ambavyo Watanzania huviita mabondo na ambavyo wafanyabiashara huvinunua kwa bei ghali kupeleka China. Watengenezaji wengine wa Uingereza wameanza kuacha kukitumia ili wasiokula nyama nao waweze kunywa, na wanauza bia yao ikiwa na ukungu kidogo.

Hakuna gesi ya kuisukuma bia hii juu. Mhudumu anavuta mpini kwenye kaunta, kama mtu anayevuta maji ya kisima, na bia inapanda. Sasa sikia sehemu ya maana. Kila painti inayotoka, hewa inaingia pipani kushika nafasi yake. Hewa hiyo ndiyo inaanza kuiharibu bia. Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, na lazima ziishe kabla hewa haijashinda.

Alhamisi: Bado kijana

"Onja kwanza, mpenzi," mama wa baa aliniambia, akanimiminia kidogo kwenye kiglasi bila malipo. Ni desturi ya huko, unaonja kabla ya kununua. Na neno "mpenzi" huko ni kama "kastoma" hapa, kwa hivyo usijenge nyumba juu yake.

Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, ukiiinua kuelekea dirishani inang'aa kama shaba. Povu ni jembamba. Kule kaskazini, Yorkshire, hupenda povu nene na hufunga kifaa chenye vitundu kwenye mdomo wa bomba ili kulipata. Kusini wengi hawataki mambo hayo.

Harufu ndiyo ilinishika kwanza. Nyasi iliyokatwa asubuhi. Jani bichi la chai ukilisugua kiganjani. Nyuma yake ganda la chungwa, na mbali kabisa, biskuti. Nilikuwa nimenusa glasi kama mara tano kabla ya kukumbuka kwamba nimekuja kunywa.

Mdomoni ilikuwa bado haijatulia. Gesi ilikuwa inachoma ulimi kidogo. Utamu wa kimea ulikuwa huku na uchungu wa hopsi kule, kama wageni wawili kwenye matatu ambao hawajasalimiana. Mwishoni kulikuwa na ubichi wa kijani, kama umetafuna bua la sukuma wiki. Si mbaya, lakini hailingani na harufu yake. Nikaipa 6 kwa 10.

"Bado kijana," mama alisema. "Rudi kesho."

Ijumaa: Uchungu wa dele

Wasee, Ijumaa nilielewa.

Bia ni ile ile, pipa ni lile lile, lakini kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Gesi imepungua hadi ikawa laini. Unapiga funda, kwanza unapata ukoko wa mkate na asali kidogo. Halafu katikati ya ulimi inapita ile harufu ya chungwa na majani. Uchungu unakuja mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, unakaa pale na kukausha mdomo, na ukikauka hivyo unataka funda lingine.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu uchungu, manake najua kuna msee ameshakunja uso. Mkenya akisikia bia chungu anafikiria mwarobaini. Si hivyo. Kuna uchungu wa dawa na kuna uchungu wa chakula. Managu ni machungu, lakini yakilala kwenye maziwa usiku mmoja, unaomba uongezewe. Na ukienda Mji wa Kale Mombasa jioni, utakuta wazee barazani na kahawa tungu kutoka kwenye dele, kikombe kidogo, kipande cha halua kando. Hakuna anayetia sukari kwenye kikombe. Utamu uko kwa halua na uchungu uko kwa kahawa, na mtu anakunywa polepole kwa sababu uchungu haukuruhusu kufululiza. Bia hii inafanya mambo hayo mawili ndani ya glasi moja: kimea ndicho halua, hopsi ndiyo kahawa. Tangu Ijumaa hiyo kichwani mwangu naiita bia tungu.

Nguvu yake ni asilimia 4.2 ya kileo, karibu sawa na Tusker. Lakini nusu painti ilinichukua dakika arobaini. Nilikuwa bado nahesabu ladha.

Kwenye kaunta kulikuwa na mzee wa miaka themanini hivi. Alipewa painti yake, lakini hakuinywa. Aliiweka chini ya pua, akafumba macho, akakaa hivyo. Baadaye tuliongea. Aliniambia alizaliwa London, na alipokuwa mtoto mama yake alikuwa akiwaleta Kent kila Septemba kuchuma hopsi. Utomvu wa hopsi huacha mikono ikiwa myeusi, na harufu haitoki hata kwa sabuni.

"Hii ni harufu ya mikono ya mama," aliniambia. "Naipata wiki chache tu kwa mwaka."

Nikaipa 9 kwa 10. Moja nimebakisha juu sijaonja zote za dunia.

Jumamosi: Baridi ama moto?

Jumamosi baa ilijaa kwa sababu ya mpira. Nikanunua nusu yangu na kukaa pembeni.

Mtu wa kwanza kuniuliza swali kwenye simu alikuwa boyz wangu wa Kayole: "Hiyo bia ni baridi ama moto?" Swali halali kabisa, sisi ndio tunaoulizwa hivyo kila baa. Jibu ni kwamba si yoyote kati ya hizo mbili. Watu husema Waingereza wanakunywa bia ya moto, lakini nyuzi 12 ni baridi ya maji ya mtungi wa udongo. Ukiizidisha baridi, harufu inajificha na unabaki na uchungu mtupu. Ukiiacha ipate joto la chumba, utamu unakuwa mzito na kuchosha. Laga imetengenezwa iwe baridi kali, na haina makosa. Hii imetengenezwa kwa ajili ya kunuswa.

Siku hiyo ya tatu harufu ya majani ilikuwa imepungua kama nusu. Kilichobaki ni asali zaidi na ganda la chungwa lililokauka. Uchungu ulikuwa wa mviringo, hauna kona. Mtu ambaye hakuonja Ijumaa angesema ni bia nzuri sana. Mimi niliyeonja nilikuwa najua kilichoondoka. 7 kwa 10.

Meza ya karibu walikuwa vijana sita wa umri wangu. Nilichungulia glasi zao: laga nne, kokteli moja, soda moja. Kwenye pampu ya mkono hakuna aliyeguswa na hamu. Nikamuuliza mmoja wao, binti mcheshi tu, kwa nini hataki kuonja ile ya msimu. Akaangalia kaunta, akaangalia wale wazee watatu, akasema, "Hiyo ni ya kina babu."

Jumapili: Kibao kinageuzwa

Jumapili jioni nilipofika mama alinitazama kwa jicho la huruma. "Nitakupa uonje, lakini sitakuuzia," akasema.

Gesi ilikuwa imeisha. Bia ilikuwa imelala kama chai iliyosahaulika mezani. Harufu ya nyasi hakuna, badala yake kuna tufaha lililopondeka na kuachwa, na nyuma yake siki kidogo. Mdomoni ni maji matamu-machungu yasiyo na msimamo. 3 kwa 10, na hizo tatu ni za heshima.

Mama naye alionja, akatikisa kichwa, kisha akageuza kile kibao chenye jina la bia kwenye mpini kikatazama nyuma. Kule hiyo ni ishara kwamba bia hiyo haiuzwi tena. Nikamuuliza kumebaki kiasi gani. Akasema kama painti 25. Zote zilienda kumwagwa.

Alikuwa akiuza painti moja pauni 4 na nusu. Piga hesabu. Painti 25 ni zaidi ya pauni 110, pesa ambayo hapa ni zaidi ya shilingi elfu kumi na tano, kwa pipa moja, kwa wikendi moja ambayo baa ilikuwa imejaa. Baa ilikuwa na watu. Tatizo ni kwamba hawakunywa ile ambayo haiwezi kungoja.

"Mwaka ujao nitafikiria," aliniambia. Nadhani nilijua maana yake. Laga haimwagwi Jumapili.

Duara linalojila

Kilichomkuta mama yule ndicho kinachoikuta bia ya pipa nchi nzima. Mauzo yake yamekuwa yakishuka kwa miaka mingi. Na baa zenyewe zinapungua: mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000, leo zimebaki kama 45,000.

Angalia vile duara linajizungusha. Wanywaji wakipungua, pipa linakaa wazi siku nyingi. Likikaa siku nyingi, bia inachacha. Kijana anayeijaribu kwa mara ya kwanza anaipata ile ya Jumapili, si ile ya Ijumaa. Anasema kumbe ndiyo hii, na hairudii tena. Sasa wanywaji wamepungua zaidi. Yule binti hakuwa anasema uongo, na pengine aliwahi kuonja moja iliyokufa. Hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwa imekufa.

Si mara ya kwanza bia hii kuwa hatarini. Miaka ya 1960 kampuni kubwa za bia zilikuwa zikiiondoa baani na kuleta kegi, manake kegi haihitaji mtu anayejua kazi. Mwaka 1971 vijana wanne wa Uingereza waliokuwa likizoni Ireland waliamua kuanzisha chama cha kuitetea. Chama hicho, CAMRA, kipo hadi leo na kina matamasha ya bia kila pembe ya nchi. Hao waanzilishi walikuwa vijana wakati huo, usisahau. Leo bia hiyo inaitwa ya kina babu kwa sababu vijana wale wamezeeka na wengine hawakuchukua nafasi zao.

Hicho ndicho nilichojifunza na nusu painti zangu nne. Vitu vingi unaweza kuvipenda ukiwa mbali, ukavisifu mtandaoni, na vikaendelea kuwepo. Bia hai haiko hivyo. Fundi anaweza kuwa bora, hopsi ikawa mpya, mwenye baa akawa makini, na bado ikafa Jumapili kwa sababu watu 25 hawakuja. Utamu wake ni kazi ya wanywaji pia.

Na sisi je?

Kwa upande wetu, pombe hai tunayo. Muulize mtu wa Kilifi. Mnazi ukigemwa asubuhi ni mtamu kama juisi, jioni umepata nguvu, na ukilala umeshaanza safari ya kuwa siki. Busaa ya Magharibi ni hivyo hivyo: kimea cha wimbi, unga wa mahindi uliokaangwa, wazee na mirija mirefu kwenye chungu kimoja, na siku zake zinahesabika. Muratina nayo ina asali na tunda lake lenye chachu. Hata methali inajua biashara hii: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo ni methali ya watu waliokuwa wanaonja kwa makini na kukumbuka ladha ya jana.

Lakini sisi hatukupata CAMRA. Serikali ya kikoloni ilibana pombe za kienyeji kwa vibali na misako, na kwa miaka mingi ikawakataza Waafrika kunywa bia ya chupa ya mzungu. Kwa hivyo cha kwako ni haramu na cha kwake si chako. Bendera ilibadilika, lakini ile tabia ya kuona pombe ya kienyeji kama uchafu wa vichochoroni ikabaki. Kitu kilichosukumwa gizani hakikaguliwi na hakisifiwi, na mwishowe anayefaidika ni yule anayechanganya kemikali. Kila mara tukisikia watu wamepofuka ama kufa baada ya kunywa, ujue hapo hakuna mtu aliyekuwa anaonja.

Na sisi vijana wa mtaa? Tuseme ukweli. Tunachanga, tunanunua mzinga, tunachanganya na soda ili tusisikie ladha, lengo ni kulewa tei kabla ya saa tano. Hakuna hata mmoja kwenye mbogi anaweza kukuambia keroro ile ilikuwa na harufu gani. Wale wazee watatu wa Kent walikunywa painti mbili mbili, wakabishana kuhusu hali ya hewa, wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Sisemi Waingereza hawalewi. Ukipita mjini huko Jumamosi usiku utaona maajabu. Nasema kinywaji chenye ladha kinakupa sababu ya kwenda polepole.

Basi, ukijipata Uingereza mwezi wa tisa, kwa masomo ama kazi ama kumtembelea dadako, tafuta baa yenye pampu za mkono. Uliza kama wana ya hopsi mbichi. Uliza pipa limefunguliwa lini. Wakisema jana, kaa chini. Wakisema Alhamisi na leo ni Jumapili, omba uonje kwanza. Ikiwa na siki, irudishe kwa heshima, hakuna mtu atakasirika.

Na kama hunywi kabisa, bado kuna la kwako hapa. Kuna kitu mtaani kwenu kinachofanywa kibichi leo na kinachotegemea watu wafike leo: mnazi, ama maziwa lala ya mama fulani, ama mahamri ya alfajiri. Usikisifu tu. Fika kabla hakijalala.

Dadangu aliniandikia wiki iliyopita. Yule mama wa baa amesema ataagiza pipa moja tena Septemba hii, moja tu, aone watakuja wangapi.